Pasta, Nikidai Haki Yangu Nimekosa Rehema?

Leo andiko langu ni refu kuliko kawaida, mnivumilie. Anayesoma akiwa ndani ya matatu amalizie nyumbani.

Jumapili iliyopita tulifundisha juu ya wenye rehema, Mathayo sura ya 5 mstari wa 7. Wengi mlikuwepo, na kina mama mlipiga vigelegele hadi mabati yakaitikia. Baada ya ibada, watu wakiwa wanasalimiana pale nje, mama mmoja alinisubiri kando ya ngazi. Si mtu wa maneno mengi. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, ile ya karatasi za hospitali ambayo nyumba nyingi za huku huiweka chini ya godoro. Akaniambia, "Pasta, samahani. Neno limenigusa. Lakini mimi bado nafuatilia fidia ya mwanangu. Nikiendelea kudai haki yangu, nimekosa rehema?"

Nilimjibu haraka haraka, jinsi sisi wachungaji tunavyojibu tukiwa na njaa na wazee wa kanisa wanatungoja kwa kikao. Nikamwambia, "Mama, mwachie Mungu." Akasema, "Amina, pasta," akaenda zake.

Hiyo amina yake imeninyima usingizi wiki nzima. Haikuwa amina ya furaha. Ilikuwa amina ya mtu aliyekuja kuomba mkate akarudishwa na jiwe, na kwa heshima akashukuru kwa jiwe.

Kwa ninyi mnaotusoma kutoka mbali, mlioko Doha, Jeddah na kwingineko kazini, nieleze kidogo. Mama huyu ni wa Owino Uhuru. Ni kijiji kilichomo ndani ya wadi yetu hii ya Mikindani, eneo bunge la Jomvu. Watu wake ni kama 3,000, nyumba zimebanana, na kiwanda kilikuwa pale pale ukutani. Kilianza mwaka 2007. Kazi yake ilikuwa kuvunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi iliyomo. Nikisema risasi sisemi ya bunduki, nasema yale madini mazito yaliyo ndani ya betri. Moshi ulishuka juu ya mapaa, maji machafu yalipita vichochoroni, watoto wakacheza humo humo. Kilikuja kufungwa mwaka 2014.

Risasi ni adui mwenye subira. Inaingia kwa pumzi na kwa vumbi la mikononi. Inajificha ndani ya mifupa miaka na miaka, na mwanamke akishika mimba inatoka mifupani, inaingia kwenye damu na kumfikia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo inapiga ubongo. Anachelewa kusema, masomo hayashiki, hatulii, hasira ziko karibu. Na ukimtazama usoni huoni kidonda chochote.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri dada mmoja ambaye leo jina lake linajulikana duniani, Phyllis Omido, awe kiungo kati ya kiwanda na wakaazi. Alipoona kwamba kiwanda kimekaa karibu mno na watu, akashauri kihamishwe. Ushauri haukupendwa. Kisha mwanawe aliyekuwa akinyonya akaugua, na baada ya kuhangaika hospitalini ikaonekana ana risasi kwenye damu. Mama alikuwa ameibeba kutoka kazini na kumnyonyesha mwanawe. Hebu kina mama mliokaa hapo, fikirini siku hiyo.

Mtoto wake alitibiwa. Angeweza kuishia hapo, amshukuru Mungu kwa ushuhuda, atafute kazi kwingine. Lakini aliwatazama watoto wa wenzake. Akaanza kugonga milango ya ofisi. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wakaazi kwa ajili ya maandamano, wakashtakiwa, na mwishowe korti ikamwachilia. Mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Tuzo ni nzuri, lakini haimpimi mtoto damu, na yeye alilijua hilo, ndiyo maana kesi ikaendelea. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua ile fidia. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: tangu kiwanda kianze hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa karibu kuchukua kitambulisho.

Sasa rudini kwa swali la mama. Mtu amepita miaka yote hiyo, halafu mchungaji wake anasimama Jumapili na Mathayo 5:7 mkononi. Je, lile neno limeandikwa kumnyamazisha yeye?

Nimekwenda kulisoma tena. Na nimesoma jirani yake pia, Luka 10, Msamaria. Hadithi tunaijua sote toka Sunday school, na labda kujua sana ndiko kulikotuharibia. Yule mtu amelala njiani, amevuliwa, amepigwa, nusu mfu. Kuhani anapita, Mlawi anapita. Msamaria anashuka. Anamwaga mafuta na divai, anafunga majeraha, anampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe (kwa hiyo yeye alitembea kwa miguu), anamlipia nyumba ya wageni dinari 2, yaani ujira wa kibarua wa siku 2, na anaacha deni wazi kwamba kitakachozidi atalipa akirudi. Yesu anapomaliza, yule mwanasheria mwenyewe anakiri kwamba huyu ndiye aliyetenda rehema.

Nioneshe katika hadithi yote mahali ambapo mtu anamwinamia yule majeruhi na kumwambia, "Ndugu, kwanza wasamehe wanyang'anyi." Hakuna. Hata kuhani hakuthubutu. Kuhani angalau alipita upande wa pili kimya kimya. Mimi nilisimama, nikamtazama usoni aliyeumia, nikamhubiria.

Na si mara yangu ya kwanza, wapendwa. Niseme hili ambalo sijawahi kulisema madhabahuni.

Kiwanda kikiwa bado kinafanya kazi, mama mwingine, si huyu wa Jumapili, aliniletea mtoto wa kiume wa miaka 6 hivi. Masomo hayashiki. Mwalimu alikuwa amemwita kichwa maji mbele ya darasa zima. Mimi nikavua koti. Nikamwekea mikono, nikakemea pepo la uzito, nikakemea laana za ukoo upande wa bibi yake, nikakemea hadi sauti ikakauka. Yule mtoto alikuwa ananitazama tu. Kisha nikamwagiza mama yake afunge siku 3, na mgongoni alikuwa na kichanga anayenyonya.

Sikumuuliza anaishi wapi. Sikumuuliza maji anateka wapi, baba watoto anafanya kazi gani, mtoto anacheza wapi. Ningeuliza maswali hayo, pengine ningemwambia mtoto huyu apimwe damu. Walihama baadaye, sijui waliko, na bibi wa watu nilimsingizia uchawi bure.

Msinielewe vibaya. Mimi ni Mpentekoste, naamini Mungu anaponya, na Jumapili ijayo bado nitaweka mikono juu ya wagonjwa. Lakini fungua Marko 9. Baba analeta mwanawe anayeangushwa na pepo, na kabla ya kukemea chochote Yesu anamuuliza yule baba, hali hii imempata tangu lini? Mwana wa Mungu, ajuaye yote, anauliza historia ya mgonjwa. Mimi nisiyejua lolote sikuuliza. Huo ndio mwanzo wa rehema, mtu wa Mungu: kutaka kujua ukweli wa mwenzako kabla hujamfungulia mdomo. Anayemhurumia mtu bila kutaka kujua kilichompata anajihurumia mwenyewe. Anataka lile jambo zito liondoke mbele ya macho yake haraka.

Neno lenyewe linatufundisha. Katika Kiebrania cha Agano la Kale, rahamim, ile huruma ya Mungu, ina mzizi mmoja na rehem, tumbo la uzazi. Kiarabu nacho ni hivyo hivyo, na Kiswahili chetu kimerithi rehema kutoka huko. Jirani zetu Waislamu hulitaja jina hilo la Mungu kila wanapoanza jambo, hata kabla ya kula. Kwa hiyo ukisema rehema unasema moyo wa mama kwa kile kilichotoka tumboni mwake. Isaya 49 inamweka Mungu karibu na mama anayenyonyesha, na kusema hata huyo aweza kusahau lakini Mungu hasahau. Na sumu ya Owino Uhuru ilipita wapi? Ilipita huko huko, tumboni na kwenye titi. Basi mama anayekataa kunyamaza juu ya mwanawe, aliyepanda na kushuka ngazi za korti miaka hiyo yote na bahasha ya kaki, mimi nani nimwambie amekosa rehema? Rehema ndiyo inayomtembeza.

Najua kuna wapendwa watanitumia 1 Wakorintho 6 kabla ya saa sita mchana. Mnaniambia Paulo alikataza waumini kwenda kortini. Msome vizuri. Paulo anawakemea ndugu wa kanisa moja wanaodhulumiana na kuburutana mbele ya wasioamini kwa mambo ambayo wazee wa kanisa wangeyamaliza. Na hapo hapo anawakemea wanaodhulumu, kwamba wanadhulumu hata ndugu zao. Hakuwaacha hivi hivi. Mambo ya kiwanda, leseni na mamlaka za serikali si ugomvi wa wanakwaya wawili juu ya sare. Paulo yule yule alipopigwa bila hukumu kule Filipi, wakubwa wakataka kumtoa jela kimya kimya, alikataa. Akataka waje wenyewe wamtoe. Matendo 16. Na alipoona haki inapindwa, alikata rufaa kwa Kaisari. Matendo 25. Tena Yesu alipotafuta mfano wa mtu asiyechoka kuomba, hakuchukua mtawa wala nabii. Alichukua mjane anayemsumbua hakimu kila siku akidai haki yake. Luka 18. Nimehubiri mfano ule mara nyingi sana, kila mara nikizungumzia mikesha yetu ya maombi, na hata mara moja sikumwona yule mjane akiwa na kesi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Anayedai alichopewa na sheria ya nchi hajamkosea mtu adabu.

Sasa, je, na yule aliyekosa? Yeye hana fungu katika rehema? Analo, na hapa ndipo wengi hupotea njia. Tunadhani kumrehemu mkosaji ni kumfanya asahau, arudi nyumbani alale. Mtazame Yesu kwa Zakayo. Alikwenda kwake, akala chakula chake, mji mzima ukanung'unika. Hiyo ni rehema kubwa. Hakuna aliyetaka kuonekana na yule mtoza ushuru. Na matunda ya mlo ule ni nini? Zakayo anasimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu awarudishie mara 4. Mara 4, wapendwa! Hakusema, Bwana umenisamehe basi yaliyopita si ndwele. Rehema ilipoingia nyumbani kwake, pesa zilitoka kabatini. Kama kuna mtu aliyetia sahihi karatasi za kiwanda kile na leo ameketi kanisani mahali fulani, rehema ninayomwombea ni hiyo ya Zakayo. Ile ya kumwambia yamepita haitamsaidia kitu siku ya hukumu.

Lakini nisiwapige wa mbali tu, maana hiyo ni rahisi. Sisi wa hapa hapa Mikindani tumekosa rehema kwa namna yetu.

Kuna wanaume walifanya kazi ndani ya kiwanda kile. Walikuwa jirani zetu. Walivunja betri kwa mikono, wakarudi jioni na nguo zile zile na kuwabeba watoto wao. Baada ya ukweli kujulikana, nimesikia kwa masikio yangu watu wakiwaambia, ninyi ndio mliotuletea sumu. Ndugu, mtu alikwenda kutafuta unga. Yeye ndiye aliyekula sumu ya kwanza. Wengine wao walikufa au wanaugua, na bado tunawanyima hata salamu.

Halafu kuna kijicho cha fidia. Tangu hukumu itoke utasikia, "Hao wa Owino Uhuru watakuwa mamilionea." Gawanya bilioni 1.3 kwa watu 3,000 na uone. Ni kama laki 4 na kidogo kwa kila mtu. Kwa hiyo laki 4, nani hapa atauza ubongo wa mwanawe? Anyooshe mkono. Na hukumu kusomwa ni jambo moja, shilingi kufika mfukoni ni jambo jingine. Ninyi Wakenya mnalijua hilo kuliko mimi.

Na watoto wale wameshakua. Wako madarasani, wako kwenye vijiwe vya boda, wengine wako kwenye kundi letu la vijana. Ukimwona kijana anashindwa kufuata somo la Biblia, anainuka katikati ya mahubiri, anakasirika kwa neno dogo, usikimbilie kusema hana adabu. Walimu wa Sunday school, nimezungumza nanyi wiki hii na narudia hapa: jina kichwa maji lisisikike tena katika nyumba hii. Mtoto apewe muda. Rudia somo mara ya 3, mara ya 4. Usichoke naye.

Nirudi kwa kusamehe, maana sitaki mtu aseme pasta ameruhusu kinyongo. Kusamehe ni agizo, sitalipunguza hata kidogo. Chuki inakula chombo kinachoibeba. Lakini kuna mambo mawili nimejifunza kwa kuchelewa. La kwanza, msamaha wa Owino Uhuru uko mikononi mwa watu wa Owino Uhuru. Mimi sikunywa yale maji. Siwezi kusamehe kwa niaba yao, na siwezi kuwadai wausukume haraka ili ibada yangu imalizike vizuri. La pili, mtu anaweza kuwa amesamehe kabisa, anawaombea waliomkosea kwa majina, na bado Jumatatu asubuhi yuko kortini. Mkono mmoja haukatazi mwingine. Katika Mathayo 23 Yesu anawakemea mafarisayo kwa kutoa zaka ya mnanaa na bizari huku wakiacha mambo makuu ya sheria, na anapoyataja, haki na rehema amezitaja kwa pumzi moja. Ni sisi tuliokuja kuzitenganisha, haki tukampa wakili na rehema tukampa pasta.

Mama, najua huwa unasomewa maandiko haya na binti yako. Nakuomba radhi. Uliniuliza swali la kweli nikakupa maneno ya kukufukuza. Jibu langu ni hapana, hujakosa rehema. Endelea. Na usiende peke yako tena. Kanisa hili lilipaswa kuwa nawe tangu ile siku ya kwanza.

Jumatano hii baada ya maombi ya jioni, dada yetu muuguzi na ndugu mmoja anayeelewa karatasi za korti watakaa pale nyuma ya kanisa. Yeyote wa Owino Uhuru, Muislamu, Mkristo, hata asiyeswali popote, aje na bahasha yake. Tutasoma kila karatasi polepole, tuone nani hajawahi kupimwa, nani jina lake limeandikwa vibaya, nani anahitaji mtu wa kumsindikiza hospitali na nauli ya tuktuk. Idara ya kina mama wametuahidi chai na mahamri. Mimi nitakuwepo, na safari hii nitakuja na daftari la kuandikia maswali.